Mbata Nyeupe ya Kigombe

Kuku wa Kigombe walimwogopa Mboni binti Uweso kuliko walivyomwogopa mwewe. Kulipopambazuka tu alikuwa keshasimama uwanjani kwake, ufito mkononi, kanga ya pili kaifunga kiunoni, anapita kati ya safu za nazi zilizopasuliwa na kulazwa juani matumbo wazi. Kuku akikanyaga ukingo wa jamvi alifukuzwa mpaka mlangoni kwa mwenyewe, na mwenyewe naye alipata sehemu yake ya maneno. Mdomo wa Mboni ulikuwa mkali, hilo hakuna wa kulificha. Lakini kazi aliijua, na aliipenda kama watu wachache wanavyopenda kazi zao.

Kazi yenyewe ilikuwa kukausha mbata. Nazi ikishafuliwa makumbi hupasuliwa vipande viwili, ikaanikwa mpaka nyama yake ijing'oe kwenye kifuu, iwe kavu na ngumu, haina maji tena ila mafuta. Hiyo ndiyo mbata, na hiyo ndiyo waliyoitaka wenye vinu vya mafuta na sabuni. Vijiji vingine vya mwambao wa Tanga viliikausha kwa moto, kwenye matanuri, ikatoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Kigombe waliikausha kwa jua, na katika Kigombe nzima hapakuwa na mbata nyeupe kama ya Mboni. Ukiivunja ilitoa mlio mkavu, na ndani ilikuwa nyeupe vilevile kama nje. Hakuruhusu hata jiko liwashwe upande wa upepo. Shoga yake Semeni, aliyefanya naye kazi pale uwanjani, alikuwa akisema kwamba siku Mboni akifa itabidi maji ya kumwoshea yachemshwe kijiji cha pili. Mboni alicheka, kisha akamwuliza mbona safu ile ya mwisho haijageuzwa.

Uwanja ule aliachiwa na marehemu mumewe, Shekhe bin Makame, pamoja na minazi iliyouzunguka. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki watu walidhani angerudi kwao akaolewa tena, naye akawajibu kwamba hana nafasi, ana mbata juani. Tangu hapo hawakumwita mjane wa Shekhe. Walimwita Mboni wa mbata nyeupe. Jina hilo lilikuwa mali yake kuliko minazi yenyewe. Kwa jina hilo alizungumza barazani na wanaume wakanyamaza wamsikilize, na kwa jina hilohilo alikiponza kijiji.

Ilikuwaje? Baada ya vita vya Hitla vijiji kadhaa vya mwambao viliungana kuuza mbata pamoja. Waliuita Umoja, basi, bila makuu. Makao yake yalikuwa Tongoni, na karani wake alikuwa Manase, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila kijiji kilipeleka mbata yake Tongoni, ikamwagwa sakafuni, ikawa fungu moja. Kisha wanawake wa vijiji vyote walishika mabeleshi wakaichanganya huku wanaimba, mpaka ya jua na ya moshi zikawa kitu kimoja. Waliichanganya makusudi, ili asiwepo wa kusema gunia hili letu na lile lenu. Manase akapiga chapa kila gunia, mnazi ndani ya duara, kwa bati lililotobolewa na rangi nyeusi. Magunia yalikwenda Tanga kwa lori, na kutoka Tanga yakapanda meli ndogo ya mwambao mpaka Mombasa, kwenye kinu kilichoyanunua yote. Malipo yaligawanywa kwa uzito. Rangi haikuulizwa.

Mboni aliichukia siku ya kuchanganya. Alilishika beleshi kama wenziwe, lakini moyo ulimwenda mbio kila alipoona mbata yake inazama ndani ya ile ya kahawia. Aliyesimama naye bega kwa bega siku hizo alikuwa wifi yake Mwanasiti, dada wa marehemu mumewe, mlinzi wa tanuri kubwa la Umoja pale Tongoni. Mwanasiti alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ananukia moshi hata siku ya Idi. Walipendana toka Mboni alipokuwa bibi harusi, na kwa kuwa walipendana walitaniana bila huruma. Mboni alimwambia moshi ni wa kukaushia samaki. Mwanasiti alimjibu kwamba mafuta yakishakamuliwa hayamwambii mtu yametoka kwa nani. Wakacheka, wakaendelea kuchota.

Utani ule ulianza kuchacha mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia wa Waingereza. Mboni alikwenda Tanga kununua majamvi, akaingia kwa mfanyabiashara mmoja pale Ngamiani, na katika maongezi akamwonyesha kipande cha mbata alichokuwa nacho kwenye pindo la kanga. Alitembea nacho, alikuwa hivyo. Yule bwana akakivunja, akakinusa, akamwuliza kama kweli mali namna hii wanaichanganya na ya moshi. Akamwambia kwamba Mombasa mbata safi nyeupe ina bei yake, bei ya juu, na anayeichanganya anawalisha wengine jasho lake. Tena hakumdanganya. Bei hiyo ilikuwapo kweli.

Mboni alirudi Kigombe hana raha. Kaka yake Hatibu ndiye aliyekuwa jumbe wa kijiji, mtu mzima mwenye busara zake, ila mbele ya dada yake busara hizo zilikuwa na desturi ya kukaa kimya. Alimweleza yote. Baraza likaitishwa. Mboni akasimama mlangoni, akatoa kile kipande kilichobaki, akawauliza wanaume wa Kigombe kama wanaona haya au hawaoni. Sisi tunalinda kuku, tunaomba jua, tunageuza nazi mpaka migongo inauma, alisema, kisha tunakwenda Tongoni kuwapakia wavivu rangi nyeupe kwenye masizi yao. Watu walicheka, na walipokwisha kucheka walikuwa wamekwisha kukasirika. Mzee mmoja aliuliza habari za lori. Akaambiwa malori yamejaa Tanga. Mwingine akauliza habari za mnunuzi. Akaambiwa mnunuzi ni yuleyule, kinu ni kilekile, mbata ndiyo itakuwa bora zaidi. Kila swali lilipata jibu, na kila jibu lilikuwa la kweli nusu. Wakakubaliana kutoka katika Umoja.

Habari zilipofika Tongoni, Mwanasiti alikuja kwa miguu, jua la utosini, hakusubiri hata kupoa. Alimkuta wifi yake uwanjani.

"Wifi, niambie," alisema. "Masika mbata yenu yakauka wapi?"

Mboni akasema mvua hainyeshi mwaka mzima.

"Sikukuuliza hilo miye. Nimekuuliza yakauka wapi."

Jibu Mboni alilijua. Masika yakiingia Kigombe hapakaukii hata kanga, na nazi zao zote zilipelekwa Tongoni, kwenye tanuri la Umoja, zikakaushwa kwa moto pamoja na za wengine. Jambo hilo lilifanyika kila mwaka kimyakimya, hata Kigombe hawakuwahi kulihesabu kuwa ni msaada. Walihesabu walichotoa kiangazi. Walichopokea wakati wa mvua hakikuwamo katika hesabu yao, kwa sababu kilikuwa cheusi, na cheusi hawakukiona kuwa ni chao. Hapo ndipo akili za watu wazima zilipolala.

"Tutajenga letu," Mboni alisema.

"Na nani atakayelichochea? Weye moshi huutaki hata wa udi."

Mboni aliingia ndani. Alimletea wifi yake maji ya kunywa, Mwanasiti akayanywa, akaondoka bila utani. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuagana hivyo.

Wiki iliyofuata Manase alikuja kuchukua bati la chapa, maana kila kijiji kilikuwa na lake la kutunza, alama kwamba kimo katika Umoja. Hakugombana. Aliwaambia tu kwamba kwa kanuni walizoziweka wote pamoja, anayetoka huiacha chapa, lori na tanuri, na akawaomba wangoje angalau msimu mmoja. Hatibu alimtazama dada yake. Kisha akaingia ndani, akalitoa lile bati, akalipangusa vumbi na kumkabidhi. Manase alilifunga katika gazeti akaliweka kwenye kapu la baiskeli.

Kaskazi ile Kigombe walifanya kazi kwa furaha ambayo haijaonekana tena. Jua lilikuwa kali na mbata ilitoka nyeupe pe. Walinunua magunia mapya, wakaandika ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KIGOMBE. Mboni alisimamia ujazaji wa kila gunia, akatupa hata kipande chenye doa dogo. Siku ya kupakia alilia mbele za watu, naye hakuwa mtu wa kulia. Alisema Shekhe angekuwapo angeona. Kisha akapanda lori pamoja na kaka yake, kwa kuwa alitaka kuona kwa macho yake mbata yake inavyopokewa.

Mombasa walifikia kwa jamaa zao, na asubuhi wakaenda bandarini. Magunia yao yalikuwa yameshushwa na kuwekwa bandani. Karani wa kinu alikuja, kijana wa Kihindi aliyezungumza Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, akayazunguka, akasoma yale maandishi mekundu.

"Kigombe ndiyo kampuni ya nani?" aliuliza.

Hatibu akamweleza kwamba si kampuni, ni kijiji, kiko baina ya Tanga na Pangani, na kwamba kinu hiki kimekuwa kikila mbata ya Kigombe miaka yote. Yule karani alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mimi siijui Kigombe, mzee wangu. Naijua chapa ya mnazi. Gunia la mnazi halifunguliwi hapa, tumewazoea. Haya yenu sharti yafunguliwe moja moja, mkaguzi akipata nafasi."

Mboni alidhani hakusikia vizuri. Alitoa kipande cha mbata katika pindo la kanga akakivunja pale pale mbele ya uso wa yule kijana. Kijana akasema ni nzuri, mama, nzuri sana, lakini yeye hanunui kipande kimoja. Aliyasema bila dharau, na ndiyo maana maneno yale yalimwingia Mboni yakakaa. Miaka yote aliamini kwamba ng'ambo ya mpaka kuna watu wanaoijua kazi ya mikono yake. Hawakuijua. Waliujua mnazi ndani ya duara, ambao kaka yake aliutoa ndani ya nyumba akampa mtu wa baiskeli.

Wakangoja. Mkaguzi alikuwa na shehena za watu wengine, kila mmoja na zamu yake, na wasiojulikana walikaa mwisho. Banda lilikuwa la mabati, limebanana, hewa ya bahari inaingia na haitoki. Mboni alikwenda kila siku. Alitia mkono katikati ya magunia akahisi joto ambalo hakulipenda. Aliomba yatolewe nje yapate jua. Akaambiwa mali iliyo bandani haitolewi kabla ya kukaguliwa. Aliomba yapanguliwe tu yapate hewa. Akaambiwa wapagazi hawana nafasi. Yule aliyewafukuza kuku wa watu kijiji kizima sasa alisimama mlangoni pa banda akiwasihi vijana wa umri wa kumwita mama, nao walimpita. Kisha mvua za mwanzo zikaanza kunyesha, mapema kuliko kawaida.

Siku moja ya mvua hiyo meli ya mwambao iliingia kutoka Tanga. Mboni hakuhitaji kusoma chapa. Harufu ilimfikia kwanza, harufu ya moshi wa vifuu, ya kanga za wifi yake, ya siku zile za kuchota na kuimba. Magunia ya Umoja yalishushwa, mnazi ndani ya duara, moja baada ya jingine, yakapandishwa kwenye malori ya kinu bila hata moja kukatwa uzi. Yalipita mbele yake hayakukaa hata kitambo cha kumaliza kikombe cha chai. Miaka yote harufu ile ilimkera. Siku ile ilimchoma moyo.

Zamu yao ilipofika mkaguzi alifungua gunia la kwanza, akatia mkono, akautoa una unga wa kijani. Kuvu. La pili hivyohivyo. Kila walipoendelea ndivyo yalivyozidi kuwa mabaya, kwa kuwa ya ndani ndiyo yaliyobanwa zaidi. Mkaguzi alikuwa mzee, na pengine aliwaonea huruma, kwa sababu alijisumbua kuwaeleza. Mbata ya jua ni nzuri, alisema, lakini haijui kungoja. Ikikawia mahali penye unyevu huharibika. Ya moshi hungoja, hata miezi, kwa kuwa moshi umeizuia. Watu wa mnazi, aliongeza, huwa wana akili, wao huchanganya na kupeleka upesi.

Hatibu aliinama. Mboni alisimama wima, macho makavu, akayatazama magunia mapya yaliyoandikwa jina la kwao kwa rangi nyekundu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mbata yake nyeupe ilikuwa ikifika Mombasa salama kwa kuwa ilibebwa katikati ya ile nyeusi na kufunguliwa njia na chapa ya wote. Hakuwa amewabeba wavivu wa Tongoni. Wao ndio waliombeba. Mchemsha sabuni mmoja wa mjini aliichukua shehena yote kwa bei ya kuwasaidia, ikawatosha nauli ya kurudi na vitumbua vya njiani.

Walirudi Kigombe masika yamekwisha kuingia sawasawa. Watu walikuwa wamekwisha kuangua nazi nyingi kwa shehena ya pili, zimelundikwa kila uwanja, nyingine zimeanza kuchipua. Jua halikuonekana. Mboni alifunga kanga yake ya kutokea akaenda Tongoni kwa miguu, matope mpaka vifundoni, akamkuta Mwanasiti mbele ya tanuri, uso umeng'aa kwa moto. Hapakuwa na utani. Mboni alimwomba amkaushie nazi za Kigombe, hata kidogo, hata za uwanja wake peke yake.

Mwanasiti aliweka chini chuma cha kuchochea makaa. Machozi yalimlengalenga kabla hajasema neno.

"Tanuri si langu, wifi. Lingekuwa langu ningetoa hata nazi za mwanangu, zako zikaingia. Lakini hawa wote wananitazama."

Na kweli walikuwa wakitazama. Wanawake wa Mwarongo, kijiji kingine cha Umoja, na wa Tongoni walisimama barazani na nazi zao, wakingoja zamu, na kila mmoja wao alikumbuka habari ya wavivu na masizi. Maneno ya barazani hayakai barazani. Mboni aliwaamkia wakubwa zake mle, shikamoo, shikamoo, wakaitikia marahaba kwa sauti za chini. Kisha akarudi njia ileile aliyoijia.

Kigombe wakajenga tanuri lao. Mboni alitoa nafasi katikati ya uwanja wake, pale palipokuwa pakavu kuliko kote, akatazama vijana wanavyochimba mahali alipokuwa akianika majamvi ya kwanza ya asubuhi. Lakini kukausha kwa moto ni kazi yenye ujuzi wake, na ujuzi huo Kigombe waliudharau siku zote, kwa hiyo hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa nao. Hawakujua kwamba moto unataka vifuu, ambavyo huwaka taratibu bila kutoa moshi mzito. Wao walitia makumbi, tena mabichi ya mvua. Moto ulifoka moshi mweusi, kisha ukapanda ghafla. Nazi ziliungua nje, ndani zikabaki mbichi. Walipozitoa walizifurahia, zilitoa mlio mkavu zikigonganishwa. Baada ya siku chache ndani zilianza kutoa maji, na kijiji kizima kikanuka nazi iliyochacha, hata msikitini, hata kwenye nguo. Wakazimwaga pwani. Kunguru walishiba.

Umaskini haukuja kwa kishindo. Ulikuja nyumba kwa nyumba. Vijana ndio waliotangulia kwenda kwenye mashamba ya mkonge kukata kwa kibarua, kazi ambayo Kigombe walikuwa wakisema ni ya watu wa kuja. Kisha wakaenda wanaume wenye watoto. Mume wa Semeni alipata chumba kwenye kambi ya shamba moja upande wa Muheza, na Semeni akaja kumuaga shoga yake. Alikuwa na kitita kichwani. Mboni alitaka kumwomba radhi, lakini maneno ya namna hiyo hakuyazoea, hayakujua njia ya kutokea. Akampa lile jamvi bora alilokuwa nalo. Semeni akalipokea, akasema atalilalia, maana huko hakuna cha kuanika. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilimtesa Mboni zaidi kuliko kama angetukanwa.

Mvua zilipokatika Hatibu alikwenda Tongoni kuomba kurudi. Alikwenda na wazee, na Mboni akafuata nyuma. Watu wa Umoja waliwakaribisha, wakawapa kahawa, na hakuna aliyewacheka. Labda ingekuwa nafuu kama wangechekwa. Manase ndiye aliyesimama kutoa jibu. Alisema Kigombe ni ndugu na mlango haujafungwa. Lakini kile kinu cha Mombasa kinachukua kiasi kilichopangwa, na nafasi ya Kigombe imekwisha kujazwa. Mwarongo wamepanua tanuri lao na wametengeneza na viwanja vya jua vile vile. Kwa hiyo Kigombe warudi, ila walete nazi nzima tu. Kukausha watakausha wengine. Alipofika hapo alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Hatibu aliuliza kama neno hilo lina mwisho. Manase akasema hajui.

Mboni alitaka kusema. Watu wote walimgeukia, kwa mazoea, wakamngoja. Aliwatazama wazee wa Kigombe jinsi walivyokonda msimu mmoja, akaufikiria uwanja wake usio na kazi tena. Nazi nzima hazihitaji uwanja. Huangushwa, zikapakiwa, basi. Akasema wakubali.

Watu wa Kigombe wakawa wauza nazi. Bei ya nazi nzima ni ndogo, na vijana waliokwenda kwenye mkonge hawakurudi. Uwanja wa Mboni uliota majani, kwanza pembeni, kisha pale palipochimbwa tanuri, na kuku wa majirani walitembea mle wapendavyo. Mwanzoni waliingia kwa woga, wakishtuka kila mlango ulipolia. Baadaye walizoea. Yeye mwenyewe alikwenda Tongoni akapata kibarua kwenye tanuri, chini ya wifi yake, kuchambua vifuu na kugeuza mbata juu ya chanja. Macho yalimwasha, kikohozi kikamshika kisimwache, na kanga zake zikanuka kama za Mwanasiti. Jina la mbata nyeupe halikutajwa tena. Watu hawakulificha kwa ubaya. Lilikuwa halina kazi.

Kaskazi iliyofuata alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliangua nazi chache za minazi yake, akafyeka majani kwenye kipembe cha uwanja, akatandika jamvi moja kuukuu na kuzianika. Akakaa nazo na ufito wake. Akazigeuza kwa wakati, akazifunika umande, mpaka zikajing'oa zenyewe, nyeupe pe, kama za zamani. Siku ya kuchanganya alizitia katika kikapu, akakifunika kwa kipande cha kanga, akaja nacho Tongoni. Alichokitaka hasa labda hakukijua mwenyewe. Pengine alitaka mtu mmoja tu aone.

Mwanasiti alikifunua kikapu. Akachukua kipande, akakivunja, ukatoka ule mlio mkavu. Akakitafuna taratibu, macho kayafumba.

"Ya jua hini," alisema. "Ni mkono wako, wifi. Haujapotea."

Mboni akatikisa kichwa kukubali. Fungu lilikuwa tayari sakafuni, kubwa, la kahawia, na wanawake wa vijiji vyote walikuwa wamekwisha kushika mabeleshi. Walikuwa wakimngoja Mwanasiti aanze wimbo. Mwanasiti alisita, akamrudishia wifi yake kile kikapu, apeleke nyumbani akale, au aweke. Mboni alikipokea. Akakitazama kidogo, kisha akakipindua juu ya fungu, mbata yake ikamwagika pale juu, ikaonekana na kila mtu. Akachukua beleshi yeye mwenyewe wa kwanza, akachota kutoka chini na kufunika juu, tena na tena, mpaka nyeupe ikaanza kupotea, na wimbo ukaanza, na wengine wakaingia.

Jioni magunia yalisimama mstari ukutani. Manase alipita na bati lake na rangi, anapiga mnazi ndani ya duara, moja baada ya jingine. Mboni alikuwa ameegemea gunia moja, kiganja chake kimelala ubavuni mwa gunia, kama anayesikiliza kilichomo ndani. Manase akamwomba radhi, akamwambia aondoe mkono, asije akaharibu chapa. Mboni akauondoa.